Kabla Giaboksi Haijashushwa

Pikapu ya gia za mkono ikianza kulia chini ya sakafu, gereji nyingi huihukumu giaboksi kwanza. Inashushwa, inafunguliwa, beringi zinabadilishwa, na mwenye gari akirudi barabarani anausikia mlio uleule, kwa sababu tangu mwanzo ulikuwa unatoka kwenye krosi ya propela au kwenye difu. Fedha imekwenda na ugonjwa umebaki. Ushahidi mwingi ungepatikana bila kufungua bolti hata moja, dereva akiwa amekaa kwenye usukani wake. Milio hufanana, na ni vigumu mno kumweleza fundi kwa mdomo ngurumo ya beringi ikoje. Lakini kuna vipuri vinavyozunguka kwa kufuata injini, kuna vinavyofuata magurudumu, na kuna vinavyosikika pale tu vinapobeba mzigo. Kwa hiyo swali la kuanzia ni moja: mlio unakuja lini?

Chukua Hilux ya gia tano. Isimamishe mahali patulivu, vuta hendibreki, gia iwe fri, injini iungurume bila kukanyagiwa mafuta, na mguu usiguse klachi. Gari limesimama, lakini ndani ya giaboksi shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi inazunguka, nayo inaizungusha shafti ya chini. Sikiliza. Kisha kanyaga klachi hadi mwisho na usubiri sekunde chache shafti hizo zitulie. Mvumo ukikatika, washukiwa ni beringi za shafti hizo mbili. Kama kulikuwa kimya na mlio umeanza mara tu mguu ulipoigusa pedeli, hiyo ni beringi ya klachi, ile ambayo mafundi huiita rilisi. Ukija pedeli ikiwa chini kabisa na gia imeshaingizwa, ifikirie pia ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili.

Magia kugongana kidogo gari likiwa fri, hasa kwenye dizeli za zamani, si lazima kuwe ugonjwa. Mapigo ya injini huyatikisa, na springi za klachi pleti zikichoka sauti huongezeka. Rilisi nayo huharibiwa mapema na mazoea ya kupumzisha mguu juu ya pedeli kwenye foleni. Na ikiwa giaboksi lazima ishuke kwa ajili yake, nashauri klachi pleti na presha pleti vikaguliwe hapohapo, maana kazi ya kushusha ndiyo inayokula muda kuliko kubadilisha kipuri chenyewe.

Barabarani, shahidi mzuri ni gia ya nne. Kwenye pikapu nyingi za gia tano zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia hiyo hupitisha nguvu moja kwa moja, shafti inayoingia ikiwa imefungamana na inayotoka. Shafti ya chini inaendelea kuzunguka lakini haina mzigo. Mlio unaosikika kwenye gia ya pili, ya tatu na ya tano, kisha ukanywea kwenye ya nne, unanyoosha kidole kwenye shafti ya chini na beringi zake. Ukisikika kwenye gia moja peke yake, tazama meno ya gia hiyo. Kwenye giaboksi za gia sita, gia ya moja kwa moja inaweza kuwa nyingine. Kitabu cha gari kitakuambia.

Gia inayokwaruza wakati wa kuingia ni kesi tofauti. Huenda sinkronaiza yake imelika, na huenda klachi haiachii vizuri. Kanyaga klachi gari likiwa limesimama, subiri sekunde tano, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, anza na klachi.

Sasa tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, toa gia na uliache gari liserereke, injini ikiwa hai. Usiizime kamwe: breki zitakuwa ngumu na usukani utakuwa mzito. Mlio ukiendelea vilevile huku mzunguko wa injini umeshuka, chanzo kinafuata magurudumu: propela, difu, beringi za magurudumu, au matairi yenyewe. Usikilize mdundo wake. Kwa kilomita 80, tairi la pikapu huzunguka takriban mara 9 au 10 kwa sekunde, wakati propela, kwa difu ya uwiano wa karibu nne kwa moja, huzunguka karibu mara 40. Mtetemo wa haraka unaokaa sakafuni ni wa propela. Mdundo mzito unaohesabika mwendo ukipungua ni wa gurudumu.

Krosi huanza kwa kulia kama ndege, kwi-kwi-kwi, gari likitoka taratibu. Baadaye hugonga mara moja, ko!, unapobadilisha kutoka rivasi kwenda mbele. Ingia chini uitazame: kando ya vikombe vyake vinne utaona unga mwekundu wa kutu, ambao ni sindano za beringi zilizosagika baada ya grisi kuoshwa na maji ya makorongo na vumbi kuingia. Zuia magurudumu kwa vigingi, gia iwe fri, shika propela pande zote mbili za krosi na uzipindue kinyume. Haitakiwi kuwa na mchezo wowote.

Difu hujitambulisha unapokanyaga na kuachia mafuta. Ikilia unapovuta mzigo na kunyamaza unapoachia, au kinyume chake unaposhuka mteremko wa Kitonga injini ikishikilia gari, upande mmoja wa meno ya krauni na pinioni umelika au beringi za pinioni zimelegea. Krauni na pinioni zisizopimwa vizuri zitalia upya hata zikiwa mpya. Fundi asiye na vipimo ni heri akufungie difu nzima iliyotumika, mradi uwiano wake ulingane na wa zamani. Kwenye pikapu ya 4x4, difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane.

Beringi ya gurudumu haijali mafuta. Inajali kona: ukikata kushoto uzito unahamia kulia, na beringi mbovu ya kulia itapaza sauti. Tairi nalo hubadili sauti ukitoka lami kuingia changarawe.

Mwisho, mwaga oili ya giaboksi kwenye chombo safi. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida, na vimeta vya njano ni sinkronaiza inayolika. Giaboksi inayolia kwa mbali unaweza kuifikisha gereji ukiiongezea oili kama imepungua. Krosi yenye mchezo usisafiri nayo hata kilomita kumi: propela ikikatika upande wa mbele, ncha yake inaweza kuchoma ardhini gari likiwa kwenye mwendo.