TUMLINDE PEREGE WA JIPE

Katika Ziwa Jipe, lililo mpakani mwa nchi yetu na Kenya chini ya milima ya Upare, anaishi perege ambaye asili yake ni ziwa hilo na maji ya Mto Pangani tu. Mtaalamu Rosemary Lowe alimwandika kitabuni mwaka 1955, pamoja na jamaa yake aliyepewa jina la mji wetu wa Korogwe. Leo perege wa Jipe amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kama ilivyo desturi ya jamaa zake, dume huchimba kiota penye maji haba, na jike huyaatamia mayai kinywani mwake. Udongo unaoporomoka kutoka mashambani na magugu yaliyolivamia ziwa humnyang'anya mahali pa kuzalia.

Hatari ya pili imeletwa na binadamu, tena kwa nia njema. Ngege na sato walitolewa kwingine wakapandwa katika bonde la Pangani ili wananchi wapate kitoweo. Lakini samaki wa jamii hii huweza kuzaana wao kwa wao. Mgeni humshinda mwenyeji kwa chakula, kisha huichanganya mbegu yake hata asili ikapotea bila ya mtu kutambua.

Ndugu zetu wa visiwani, wenye changu na kibua wao, wanaweza kuuliza: haya yatuhusu nini? Yanatuhusu sote. Maji ya Jipe hupita Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya Hale na Pangani kabla ya kufika baharini. Mitambo hiyo huingiza umeme katika gridi ileile inayoihudumia Pemba, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Ziwa likifa, hasara haitaishia Upareni.

Hatupingi ufugaji wa samaki. Wananchi wanahitaji lishe. Tunalosema ni kwamba maofisa uvuvi wasiruhusu vifaranga vya sato kupandwa ovyo katika bonde hili, bali wawafundishe wafugaji kutumia perege wa hapa hapa. Kingo za ziwa zisilimwe. Na wenzetu wa Taveta washirikishwe, kwani samaki hajui mpaka.

Kiumbe huyu ni amana mikononi mwetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na perege akishatoweka, hakuna fundi wa kumjenga upya.