Seva ya Nyumbani Haihitaji Skrini

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, ofisi nyingi zimekuwa zikitoa nje kompyuta ambazo haziwezi kupokea Windows 11. Nyingi za mashine hizo hazina ubovu wowote. Zile ndogo zinazolala juu ya meza, ambazo wauzaji wetu huziita ex-UK, zinafaa kabisa kuwa seva ya nyumbani: kompyuta inayokaa pembeni ikiwaka usiku na mchana, ikiwahudumia kwa Wi-Fi simu na vipakatalishi vya watu wa nyumba, bila skrini, kibodi wala kipanya. Mtu wa Meru au Embu akishainunua hukutana na swali linalowafanya wengi warudi dukani: mfumo endeshi utaingiaje kwenye mashine isiyoonyesha kitu? Jibu la haraka ni kuazima skrini. Nadhani jibu hilo ndilo linaloziua seva nyingi za nyumbani na za shule kabla hazijafikisha mwaka, na kwamba kusakinisha bila skrini ndiyo njia inayofaa zaidi sehemu zetu.

Lakini kwanza, kwa nini mtu awe na seva nyumbani wakati kampuni kubwa zinahifadhi kila kitu kwenye intaneti? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwa bara, na intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ikazorota kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na vitabu, picha na masomo ndani ya nyumba yake aliendelea kuvisoma. Hata bila msiba wa baharini, bando ni pesa, na watoto watatu wanaotazama somo lilelile la video kwa simu tatu wanalilipia mara tatu. Programu ya Kiwix huiweka Wikipedia nzima kwenye diski, na Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa masomo ya shule. Zote mbili ni za bure na zote mbili huendelea kufanya kazi bando likiisha. Serikali ya Kenya yenyewe ililiona jambo hili. Mpango wa vishikwambi vya shule za msingi ulioanza mwaka 2016, na uliofikia shule za umma zaidi ya 21,000, haukupeleka vishikwambi peke yake: kila shule ilikusudiwa kupata pia vipakatalishi vya walimu, projekta, na seva ya masomo pamoja na ruta. Wazo lilikuwa zuri. Vingi vya vifaa hivyo vilikuja kufungiwa makabatini, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni stima na upungufu wa mafunzo. Ukiwa na seva ambayo hakuna mtu shuleni anayejua ilivyowekwa, siku itakapokwama ndiyo siku itakapokufa.

Hapo ndipo namna ya kusakinisha inapokuwa na uzito. Usakinishaji wa kawaida ni mahojiano: mashine inauliza lugha, saa za eneo, jina la mtumiaji, nywila, na namna ya kuigawa diski, nawe unajibu moja baada ya jingine. Mashine isiyo na skrini haiwezi kumhoji mtu, kwa hiyo majibu yote huandikwa mapema, kama mkulima anavyomwachia kibarua maagizo ya kutwa nzima kabla hajaondoka. Kwa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2012, kazi hufanywa kwenye kipakatalishi chochote. Unachomeka memori kadi, unafungua programu ya kuandikia kadi, unajaza jina la mashine, mtumiaji, nywila ya Wi-Fi na saa za Nairobi, unaruhusu SSH, kisha unaipeleka kadi kwenye mashine na kuiwasha. SSH ni njia ya kuiamuru kompyuta kutoka kompyuta nyingine kwa mazungumzo yaliyofichwa. Ilibuniwa Finland mwaka 1995, na leo seva nyingi duniani husimamiwa kwa njia hiyo. Kwa mashine za ex-UK, Debian ina faili ya majibu iitwayo preseed, na toleo la seva la Ubuntu, tangu 2020, lina utaratibu wake uitwao autoinstall. Faili huwekwa kwenye flashi, flashi huchomekwa, mashine huwashwa, na baada ya muda unafungua ukurasa wa ruta kutazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Jina ulilochagua likionekana humo, seva imezaliwa, na ni vizuri kuipa anwani isiyobadilika papo hapo ili kesho usihangaike kuitafuta.

Kuna mitego, na ni afadhali isemwe. Utaratibu wa Ubuntu hukataa kufuta diski mpaka mtu athibitishe, isipokuwa neno autoinstall limeandikwa pia katika amri za kuwashia. Ukilisahau, mashine itakaa ikingoja ndiyo ambayo hakuna wa kuitamka, nawe utadhani imeharibika. Ukilikumbuka, mtego unageuka: flashi hiyo sasa hufuta diski bila kuuliza, na ikichomekwa kwa bahati mbaya kwenye kompyuta ya karani wa chama cha kahawa na kompyuta hiyo ikawakia kwenye flashi, kumbukumbu za wanachama zinaweza kupotea. Flashi hiyo iandikwe kwa wino mzito na ifungiwe. Faili nayo ijaribiwe kwanza ndani ya kompyuta ya kuigiza kwenye kipakatalishi, ambapo makosa hayagharimu chochote.

Atakayepinga atasema: kwa nini taabu yote hii, wakati runinga ya sebuleni ina tundu la HDMI na kibodi ya kuazima inapatikana saiba yoyote ya mjini? Kwa mashine moja, siku moja, ana haki. Tena kwa ex-UK kuna jambo ambalo skrini hulirahisisha sana. Ndani ya mipangilio ya msingi ya kompyuta hizo kuna kipengele kinachoamua mashine ifanye nini stima ikirudi baada ya kupotea, na mara nyingi huwa kimewekwa ibaki imezimwa. Kibadilishwe iwake yenyewe, na mashine iambiwe isilalamike kwamba hakuna kibodi. Hizo ni dakika chache za runinga, na sioni aibu ndani yake. Lakini kuazima skrini kwa usakinishaji wote ni jambo jingine. Majibu yaliyotolewa kwa vidole mbele ya runinga hayabaki popote ila kichwani mwa fundi. Diski ikifa miezi minane baadaye, naye fundi yuko Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru, hakuna wa kuyarudia. Faili ya majibu hukaa kwenye flashi na kwenye barua pepe. Mwalimu wa Runyenjes anaweza kuitumia bila kuelewa kila mstari, na shule jirani inaweza kuinakili na kubadilisha jina tu.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi. Mashine inayoamuriwa kutoka mbali inaweza kuamuriwa na mwizi pia. Raspberry Pi ina historia ya kufunza hapa: kwa miaka mingi mfumo wake ulikuja na mtumiaji na nywila zilizojulikana dunia nzima. Mwishoni mwa 2016 SSH ikaanza kuja ikiwa imefungwa, na Aprili 2022 mtumiaji huyo wa kudumu akaondolewa kabisa. Mwenye seva afuate mwelekeo huo: atumie funguo za SSH badala ya nywila, asifungue tundu lolote la ruta kuelekea nje, na asiandike nywila waziwazi kwenye faili ya majibu, maana Debian na Ubuntu zote hupokea nywila iliyokwisha kufichwa. Na kama seva itabeba majina na alama za wanafunzi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu mwenye kuitunza.

Kuhusu stima, Embu ina kejeli yake. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaliyokamilika kati ya 1968 na 1988, yako kwenye mto Tana upande wa Mbeere, na bado nyumba za Mbeere hukaa gizani kama nyingine gridi ya taifa inapoanguka, kama ilivyoanguka Agosti na Desemba 2023. Seva lazima iishi ndani ya ukweli huo. Mashine ya wati 10 hula yuniti 7.2 kwa mwezi. Kasha kongwe la wati 60 hula 43. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuchagua iliyo ndogo, na betri ya akiba huihudumia kwa muda mrefu zaidi. Memori kadi huharibika kwa urahisi stima ikikatika katikati ya kuandika, hivyo diski ya SSD ni gharama ya haki. Hata hivyo kifaa kitakufa siku moja, na mwenye faili ya majibu atanunua kingine na kuendelea, mradi awe amehifadhi nakala ya masomo na picha zake mahali pengine, kwa kuwa faili hiyo hurudisha mfumo tu.

Vijana wa kuifanya kazi hii tunao: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru na Chuo Kikuu cha Embu kiko mlangoni. Mwalimu mkuu au mzazi anayemwita mmoja wao asiridhike kuona ukurasa ukifunguka. Adai flashi yenye faili ya majibu na karatasi yenye jina na anwani ya mashine. Kisha achomoe waya wa stima ukutani, ahesabu hadi kumi, aurudishe, na angoje kwa simu mkononi bila mtu kuigusa mashine. Masomo yakifunguka yenyewe, amalizie kulipa salio. Yasipofunguka, fundi abaki.