Sura ya Nne: Gharama ya Kutuma

Tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa Phoenix, Marekani, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walibandika tangazo lilelile katika zaidi ya mabaraza 5,000 ya Usenet, mtandao mkubwa wa mijadala wa enzi hizo. Walitafuta wateja wa kujaziwa fomu za bahati nasibu ya green card. Wanachama waliojia mambo yao mengine kabisa wakalikuta limewasubiri. Walijibu kwa hasira, tena kwa wingi, hadi mitambo ya kampuni iliyowaunganisha mawakili hao ikalemewa, nayo ikawakatia huduma. Hawakuomba radhi. Waliandika na kitabu cha kuwafundisha wengine biashara hiyo.

Siri yao ilikuwa hesabu. Baraza la kwanza na la elfu tano yaliwagharimu karibu sawa: si chochote. Usumbufu wote uliwaangukia wasomaji.

Hesabu hiyo ndiyo inayoendesha ujumbe ambao Mtanzania yeyote mwenye simu anaujua: “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…” Anayeutuma hajui kama una deni, wala hana haja ya kujua. Akiwafikia watu maelfu, hatakosa mmoja aliyemwahidi mwenye nyumba kodi asubuhi hiyohiyo. Wengine wote wakicheka na kufuta, tapeli hajapoteza kitu.

Kwa hiyo kinga inayofaa ni ile inayomwongezea mtumaji gharama. Mwaka 1997 Adam Back alipendekeza Hashcash: kompyuta ifanye kwanza hesabu ngumu kidogo ndipo barua pepe itoke. Anayetuma barua kumi hatahisi kitu. Anayetuma milioni atakwama. Zile picha ambazo tovuti hukutaka uchague zenye taa za barabarani kabla ya kukuruhusu zina lengo hilohilo, ingawa siku hizi wapo watu wanaolipwa vijisenti kuzijibu. Chujio la maneno silipi uzito mkubwa. Ukizuia “mkopo”, kesho utaletewa “mk0po”.

WhatsApp iligusa penyewe. Aprili 2020 iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi upelekwe kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati. Baadaye mwezi huo ikatangaza kuwa usambazaji wa jumbe za aina hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Hakuna neno lililopigwa marufuku. Vidole tu vilichoshwa.

Admini wa kundi la wazazi au la kikoba anaweza kufanya vivyo hivyo bila utaalamu wowote. Kiungo cha mwaliko kisiachwe wazi Facebook, na kikishavuja kibadilishwe. Anayeomba kuingia aulizwe jambo ambalo mwenyeji tu analijua, mfano mtoto wake anafundishwa na nani. Mgeni asiruhusiwe kubandika viungo wiki ya kwanza. Muhimu zaidi, wasimamizi wawe wawili au watatu wasiolala wakati mmoja, maana tangazo la “uwekezaji” lililowekwa saa nane usiku likikaa hadi mchana limeshamnasa mtu. Lifutwe, na mwenye kuliweka atolewe papo hapo, bila mjadala wa “labda simu yake imedukuliwa”. Kama imedukuliwa kweli, atarudishwa akishaipata.

Na ule ujumbe wa “ile hela”, kama uko Tanzania, usiishie kuufuta. Upeleke kwanza 15040, namba ya kuripoti utapeli, ili laini iliyoutuma ifungiwe na tapeli agharimike kutafuta nyingine.