Mto Ukinyooshwa, Mafuriko Huenda Wapi?

Kusini-mashariki mwa London kuna mto mdogo unaoitwa Quaggy. Urefu wake ni takribani kilomita 17 tu. Pale Lewisham unaungana na mto Ravensbourne, na maji yake yanaishia Thames.

Mji ulipopanuka katika karne ya 20, mto huu ulionekana kero. Ukanyooshwa, ukajengewa kingo za zege, na sehemu nyingine ukafukiwa kabisa ukapita ndani ya makaravati. Wazo lilikuwa rahisi: maji yakiondoka haraka, hakuna mafuriko. Lakini Septemba 1968 Lewisham ilifurika vibaya. Sasa tatizo lilikuwa nini?

Hebu tupige hesabu. Tuseme mto wenye kona nyingi unashuka mita 2 katika mwendo wa mita 1,000. Ukiunyoosha ukabaki na mita 500, bado unashuka mita 2 zilezile. Yaani mteremko umekuwa mkali mara mbili. Kasi ya maji hufuata kipeuo cha pili cha mteremko, kwa hiyo kina kikibaki kilekile, maji yataenda kasi kama mara 1.4. Ongeza na zege: ni laini, halina mawe, mizizi wala matete ya kuyapunguza mwendo.

Hapo aliye juu anafurahi, maana kwake maji yamepita. Aliye chini ndiye anayepata taabu, kwa sababu maji ambayo yangemfikia kidogo kidogo kwa saa nyingi yanamfikia yote kwa mkupuo. Kumbe mafuriko hayakuondolewa, yalihamishiwa kwa jirani!

Baadaye ulipokuja mpango wa kuupanua zaidi mfereji, wakazi waliupinga. Walitaka mto urudishiwe nafasi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika bustani ya Sutcliffe Park, Quaggy ulitolewa chini ya ardhi na kuchimbiwa njia mpya yenye kona. Ardhi ya bustani ikashushwa ili iwe kama beseni: mvua kubwa ikinyesha, maji yanatulia pale, kisha yanatoka taratibu. Beseni hilo linaweza kushika takribani mita za ujazo 85,000, sawa na maboza 8,500 ya lita 10,000 kila moja. Siku za kawaida watu wanatembea humo, na matete yamerudi pamoja na ndege na kereng'ende.

Kwa hiyo siku ukisikia mto fulani unanyooshwa "ili kuzuia mafuriko", usiishie kuuliza maji yataondoka haraka kiasi gani. Uliza pia yanakwenda kwa nani, na huko chini yameandaliwa nafasi gani ya kutulia.