Pai ya Maembe: Mmoja Kwenye Donge, Mwingine Kwenye Mkaa

Ukitaka kujua hali ya ndoa za mjini, ziangalie kuanzia tarehe 20 ya mwezi. Hela ya mtoko imekata, kila mtu yuko kona yake ya kochi na simu yake, mazungumzo yamebaki "umeme umeisha" na "gesi bado ipo?" Kwetu tarehe 20 iliwahi kudumu miezi minne. Mume wangu alipunguzwa kazini, tukabaki na mshahara mmoja, wangu. Mitoko haikuniuma sana. Kilichoniuma ni ukimya wake. Mwanaume aliyezoea kulipa bili akijiona hana cha kuweka mezani, hata ukimuuliza "umeshindaje?" anaona kama anadaiwa.

Mashosti walinipa ushauri wa kila aina: mpe muda, mpeleke kwa wazee, mwombee. Yote mazuri. Lakini kilichotukalisha pamoja tukaongea ni pai ya maembe. Cheka tu, halafu endelea kusoma!

KWA NINI PAI?

Chapati unazijua: unakanda mpaka donge lilainike na kuvutika. Pai ni kinyume chake. Ukilikanda sana, ganda linakuwa gumu kama soli ya kiatu. Siri yake ni vipande vidogo vya siagi baridi vinavyobaki ndani ya unga. Vikikutana na moto vinayeyuka, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unaliinua ganda, linakuwa na matabaka mepesi. Siagi ikiyeyukia mkononi mwako, matabaka huyapati.

Sasa ona: donge linataka mikono baridi, jiko la mkaa linataka mtu wa kulipepea. Mtu mmoja ataviweza vyote viwili kwa tabu. Mkiwa wawili kila mmoja ana kazi yake ya kweli, na hakuna anayepewa kazi kwa kuonewa huruma. Kwa mtu aliyekaa nyumbani miezi minne, hilo si jambo dogo.

MAHITAJI

- Unga wa ngano gramu 250
- Siagi gramu 125, iliyokaa kwenye friji
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Maji ya baridi sana, vijiko vya chakula 4 hadi 6
- Maembe dodo 2 makubwa, yaliyoiva lakini bado magumu kidogo
- Sukari vijiko vya chakula 3
- Maji ya ndimu 1
- Iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai
- Unga wa ngano vijiko vya chakula 2, wa kuzuia juisi isimwagike
- Yai 1 lililopigwa

WA DONGE

Changanya unga na chumvi. Katakata siagi, ifikiche ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka upate chenga, nyingine kubwa kama punje za kunde. Nyunyiza maji kidogo kidogo. Donge likishikana tu, acha! Lifunge kwenye mfuko, liweke kwenye friji dakika 30.

Menya maembe, yakate vipande vyembamba, yachanganye na sukari, ndimu, iliki na vile vijiko 2 vya unga. Sukuma donge kama chapati kubwa, liweke kwenye sahani ya bati iliyopakwa siagi. Panga maembe katikati, kunja kingo ziyafunike kidogo, katikati pabaki wazi. Wafaransa wana pai ya namna hii, wanaiita galette. Haihitaji chombo maalumu. Paka yai kwenye kingo.

WA MKAA

Washa jiko nje, uani au barazani. Moshi na hewa ya mkaa ndani ya nyumba vinaua. Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa, tandaza mchanga mkavu chini, weka vijiwe vitatu juu yake. Ipashe moto dakika 10, kisha weka sahani juu ya vijiwe na ufunike. Mkaa mchache chini, mwingi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 40 hadi 45 ganda liwe la kahawia na juisi iwe inachemka. Wenye oveni, weka nyuzi 200, muda ni uleule. Iache ipoe karibu saa nzima ndipo ukate, la sivyo juisi yote itamwagika.

DAKIKA 45 ZA KUNGOJA

Mkaa hauachwi peke yake. Tulikaa kwenye vigoda, macho kwenye jiko, si usoni kwa mwenzio. Hapo ndipo mume wangu aliponiambia kwamba mama yake bado hajui kama kazi imekwisha, na kila mwisho wa mwezi anakopa ili amtumie hela yake kama kawaida. Miezi minne anakopa! Nilinyamaza, nikampisha aongeze mkaa juu ya mfuniko.

"Mke wangu, tukimaliza kula tumpigie," alisema mwenyewe.

Tukampigia. Mama alilia kidogo, kisha akamuuliza kama anakula vizuri. Kazi haikupatikana wiki ile, wala iliyofuata. Ila deni tulilijua wote wawili, tukaliandika kwenye daftari na kuanza kulipunguza.

Kwa hiyo, shosti, na wewe kaka unayesoma kwa kuibia, mwenzako akinyamaza usimwitie kikao sebuleni. Subiri dodo zijae sokoni, nunua mbili, kisha mwambie mkaa unakushinda.