Kwa Nini Zege Lenye Moto Hufunikwa Blanketi

Watu wengi hudhani kwamba zege hukazika kwa kukauka, kama udongo uliokandikwa ukutani. Sivyo. Saruji ikutanapo na maji, viwili hivyo huungana kikemia na kufanya kitu kipya kigumu, na katika kuungana huko hutoa joto. Kwenye sakafu ya nyumba, yenye unene wa sentimita 10, joto hilo hupotea hewani hata fundi asilitambue. Katika msingi wa ghorofa refu au wa nguzo ya daraja, wenye unene wa mita 2 au zaidi, mambo ni mengine. Zege hupitisha joto polepole sana. Joto la katikati halina pa kutokea.

Kwa makadirio ya wahandisi, kila kilo 100 za saruji ya kawaida katika mita moja ya ujazo huongeza joto la zege nene kwa nyuzi 12 hivi za sentigredi. Zege lenye kilo 350 za saruji, likimwagwa Dar es Salaam likiwa na nyuzi 30, laweza basi kukaribia nyuzi 72 katika kiini chake baada ya siku chache. Uso wake, unaopigwa na upepo wa usiku, huenda ukawa na nyuzi 35 tu.

Tofauti hiyo ndiyo hatari. Kiini chenye moto hutanuka. Uso uliopoa hutaka kusinyaa, lakini umeshikamana na kiini, basi huvutwa. Zege hustahimili sana kugandamizwa, bali uwezo wake wa kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya huo, na katika siku za mwanzo hata huo haujakamilika. Uso hupasuka. Nyufa hizo huenda zisiangushe jengo, ila huyafungulia maji na chumvi njia ya kuzifikia nondo, na huku mwambao hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo wahandisi wengi hutaka tofauti kati ya kiini na uso isizidi nyuzi 20. Dawa yake humshangaza mgeni wa kazi hiyo: zege hufunikwa. Hutandazwa karatasi ya nailoni ili maji yasipotee, kisha mablanketi ya kuhifadhi joto au, pasipo na hayo, tabaka nene la mchanga au maranda. Uso hubaki na joto, na zege lote hupoa pamoja, taratibu. Fundi anayemwagia sakafu maji kila asubuhi hufanya vema. Maji hayo hayo ya baridi juu ya msingi mnene wenye moto huzidisha nyufa. Kosa baya zaidi ni kuondoa blanketi mapema kwa haraka ya kazi. Vipimajoto vilivyozikwa ndani ya zege ndivyo viamue, si kalenda.

Blanketi, hata hivyo, halipunguzi joto la kiini, na joto lipitalo nyuzi 70 lina madhara yake mengine ya kikemia. Hilo huzuiwa tangu mwanzo: kwa kuchanganya barafu katika maji, kumwaga zege usiku, au kutumia majivu ya volkano, kama yapatikanayo Mbeya, badala ya sehemu ya saruji. Katika bwawa la Hoover, Marekani, lililojengwa kati ya 1931 na 1936, yalizikwa mabomba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900 ili kupitisha maji baridi ndani ya zege. Lilipokwisha kupoa, mabomba yenyewe yalijazwa uji wa saruji.