Mkate wa nafaka zote: Somo la mavuno kutoka Scotland

WAKULIMA wengi huanza kupima mavuno yao pale mnunuzi anapofika na mizani. Katika visiwa vya Hebrides, magharibi mwa Scotland, mavuno yalifika kwanza mezani, mbele ya familia nzima.

Kila mwaka, tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku hukaribia kulingana kwa urefu. Kwa nchi za kaskazini, huo ndio mwisho wa majira ya joto. Siku hizi zipo familia za Ulaya na Marekani zinazoiadhimisha kama sikukuu ya mavuno ya Wakelti, na kuiita Mabon. Hata hivyo, kuiita siku hiyo kwa jina hilo si desturi ya kale. Ilipewa jina hilo na Mmarekani Aidan Kelly miaka ya 1970.

Sherehe ya jadi iliyo karibu na siku hiyo ni ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba. Wakazi wa Hebrides, waliozungumza Kigaeli, lugha ya jamii ya Kikelti, waliifanya kuwa sikukuu yao kubwa ya mavuno. Habari zake zilikusanywa na Alexander Carmichael, aliyekuwa mtoza ushuru, na kuchapishwa mwaka 1900.

Kila zao mezani

Mkate wa siku hiyo uliitwa struan. Ulitengenezwa kwa unga wa nafaka zote zilizolimwa shambani mwaka huo, kisha ukapakwa mchanganyiko wa mayai, krimu na siagi. Ilipikwa pia mikate midogo kwa ajili ya kila mwanafamilia, wakiwamo waliosafiri.

Baba wa nyumba aliukata mkate, kila mmoja akapata kipande pamoja na nyama ya kondoo. Maskini nao walitengewa fungu lao. Wanawake walichimba karoti na kuzigawa kama zawadi, na mchana kulikuwa na mashindano ya farasi.

Siku ya kulipa

Lakini tarehe hiyo hiyo ilikuwa na sura nyingine. Kule England, ilikuwa moja ya siku nne za mwaka za kulipa kodi ya shamba. Aliyevuna Agosti alitakiwa awe na fedha mkononi kabla Septemba haijaisha. Mkulima wa namna hiyo hana nafasi ya kusubiri bei. Huuza wakati jirani zake wote wanauza, na mfanyabiashara anajua hivyo.

Hali hiyo si ngeni kwa msomaji wetu. Deni la mbolea na karo za watoto havingoji bei ipande.

Hapo ndipo mkate wa Hebrides unapotufaa. Kabla ya kumwita mnunuzi, kaa na mwenzi wako na watoto wakubwa, mweke mezani sampuli ya kila zao. Kisha gaweni mafungu manne: chakula cha nyumbani hadi msimu ujao, mbegu, sehemu ya kulipa madeni, na ziada ya kuuza bei ikipanda. Andikeni idadi ya magunia kwa kila fungu.

Familia iliyohesabu pamoja haitashangaa ghala likipungua, na baba hatauza gunia la mbegu kimyakimya. Sherehekeeni mavuno, lakini hesabu itangulie.